Sanda ya Torino: Sayansi Inasema Nini, na Imani Yetu Imesimama Wapi?



Wapendwa wasomaji, makala hii tunaiandika kwa sababu ya kosa tulilolifanya wenyewe. Kwaresima iliyopita tulikuwa mafrateri wawili tuliotumwa kusaidia katika kigango kimoja. Ijumaa moja, baada ya Njia ya Msalaba, tuliwaonyesha waamini picha ya uso ulio kwenye Sanda ya Torino. Wengi wenu mnaijua: ni uso wa mwanamume mwenye ndevu, macho yamefumbwa, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki imetundikwa sebuleni, jirani na picha ya Huruma ya Mungu. Kwa kutaka kuwatia watu moyo tulisema: "Wanasayansi wamekwisha kuthibitisha kwamba hii ndiyo sanda aliyozikiwa Bwana wetu." Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi mmoja akaja mbele, akaigusa picha, akafanya ishara ya msalaba.

Ijumaa iliyofuata kijana wa kidato cha sita, anayesoma fizikia na kemia, alitusubiri nje ya kanisa na daftari mkononi. Alikuwa ameandika mistari miwili tu: "1988" na "1260–1390". Alituuliza kwa upole, bila kejeli yoyote: "Frateri, kama hili hamkulichunguza, yale mengine mnayotufundisha mmeyachunguza?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi seminarini tukaanza kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kitambaa chenyewe

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Sanda ya Torino si kitambaa cha Veronika tunachokitaja kwenye kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Kitambaa cha Veronika, kadiri ya mapokeo, ni cha kupangusia uso, na Bwana alikuwa bado hai, yuko njiani. Sanda ni nguo ya maziko. Injili ya Marko inatuambia kwamba Yosefu wa Arimataya alinunua kitambaa cha kitani, akamteremsha Yesu msalabani, akamzungushia kitambaa hicho.

Nguo iliyoko Torino, kaskazini mwa Italia, ni kitani chenye urefu wa mita 4.4 hivi na upana wa mita 1.1. Imefumwa kwa mshazari, nyuzi zikienda na kurudi kama miiba ya samaki. Juu yake kuna alama hafifu ya rangi ya manjano iliyofifia, yenye umbo la mwanamume kwa mbele na kwa nyuma, vichwa viwili vikikaribiana katikati, kana kwamba mwili ulilazwa juu ya nusu moja ya nguo na nusu nyingine ikakunjwa kupitia kichwani ili kuufunika. Kuna alama za mijeledi mgongoni na miguuni, jeraha ubavuni, michirizi ya damu kwenye paji la uso na mikononi. Jeraha la mkono linaloonekana liko kwenye kifundo, si katikati ya kiganja ambako wachoraji wengi wa zamani walizoea kuweka msumari. Ukiisogelea sana, picha inakupotea. Inabidi urudi nyuma mita chache ndipo uione.

Pia kuna mistari miwili mirefu ya kuungua. Hiyo haina mashaka yoyote. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1532, kanisa dogo la Chambéry, lililokuwa na sanda hiyo wakati ule, liliwaka moto. Sanduku la fedha lilipata joto kali, fedha ikayeyuka, ikatoboa nguo iliyokuwa imekunjwa ndani. Mwaka 1534 Masista Waklara walishona viraka juu ya matundu hayo, na viraka hivyo vilikaa hadi mwaka 2002 vilipoondolewa katika matengenezo.

Ilitoka wapi?

Hapa ndipo tulipoanza kuona kwamba hatukuwa tunajua tulichokuwa tunakisema. Historia ya sanda hii inayoweza kufuatwa kwa hati inaanza katikati ya karne ya 14, katika kijiji cha Lirey huko Ufaransa, mikononi mwa askari mwungwana Geoffroi de Charny, aliyeuawa katika vita vya Poitiers mwaka 1356. Kabla ya hapo kuna masimulizi juu ya vitambaa vya Edessa na Konstantinopoli, na wako watafiti wanaojitahidi kuyaunganisha na sanda hii, lakini mnyororo una pengo.

La kushangaza zaidi kwetu ni kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuitilia shaka kwa maandishi hakuwa mpagani wala mwanasayansi. Alikuwa askofu. Mwaka 1389 Pierre d'Arcis, Askofu wa Troyes, alimwandikia Klementi VII, aliyekaa Avignon wakati wa Farakano la Magharibi, akalalamika kwamba mtangulizi wake alikwisha kuchunguza jambo hili na kumpata mchoraji aliyeitengeneza nguo hiyo. Jibu la mwaka 1390 lilikuwa la tahadhari: nguo iruhusiwe kuonyeshwa, ila watu watangaziwe kwamba ni mfano wa sanda ya Bwana, si sanda yenyewe. Wanaoitetea husema kwamba mchoraji huyo hatajwi jina, na kwamba askofu alikuwa na ugomvi na mapadre wa Lirey kuhusu mapato ya mahujaji. Inawezekana. Lakini barua ipo, na imeandikwa na mtu wa Kanisa aliyeona aibu kuwaona waamini wakidanganywa. Tuliposoma habari zake tuliona haya, maana sisi tulikuwa tumefanya kinyume chake.

Kutoka kwa ukoo wa de Charny sanda ilihamia mwaka 1453 kwa watawala wa Savoia. Papa Julius II aliidhinisha sikukuu yake mwaka 1506. Mwaka 1578 ilipelekwa Torino, ili kumpunguzia safari Mtakatifu Karoli Boromeo aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Milano kwenda kuiheshimu baada ya tauni. Huko ndiko iliko leo, nayo ikawa mali ya Baba Mtakatifu mwaka 1983, kwa wosia wa Umberto II, mfalme wa mwisho wa Italia. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Aprili 1997 ilinusurika moto mwingine, wazimamoto walipolivunja kwa nyundo lile kasha la kioo kizito na kuitoa nje.

Bamba la kioo la Secondo Pia

Wasomaji wetu wenye umri wanakumbuka studio za picha za zamani, mpiga picha akikupa bahasha yenye picha pamoja na negativu zake. Kwenye negativu mtu mweusi anakuwa mweupe, shati jeupe linakuwa jeusi. Vijana wa simu za mkononi waulize wazazi wao.

Mwezi Mei mwaka 1898, mwanasheria mmoja wa Torino aliyependa kupiga picha, Secondo Pia, aliruhusiwa kuipiga sanda picha kwa mara ya kwanza. Usiku ule akiosha bamba lake la kioo gizani, alitazamia kuona negativu ya kawaida, yaani kitu kisichosomeka vizuri. Badala yake aliona uso wa mtu, wazi, wenye vivuli na mianga mahali pake. Maana yake ni kwamba alama iliyo kwenye nguo ndiyo inayofanana na negativu, na negativu ya Pia ndiyo inayofanana na picha ya kawaida. Ile picha ya sebuleni, basi, si nguo kama jicho linavyoiona. Ni negativu ya picha ya nguo. Tulipowaeleza waamini jambo hili baadaye, wengi walishangaa, kwa sababu walidhani kwamba anayekwenda Torino anauona uso ule ule.

Tangu hapo sayansi haikuiacha sanda. Mwaka 1902 Yves Delage, mwanabiolojia maarufu wa Ufaransa ambaye hakuwa mwamini, alisimama mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris akasema kwamba kwa maoni yake mtu wa kwenye sanda ni Kristo. Wenzake walimkasirikia. Mtu asiyeamini anaitetea sanda, na askofu anaikataa! Tukumbuke hilo kila tunapoambiwa kwamba ubishi huu ni wa watu wa dini upande mmoja na wanasayansi upande mwingine.

Siku tano za 1978 na pembe moja ya 1988

Oktoba 1978 kundi la watafiti kutoka Marekani lilipewa saa 120 na nguo hiyo, mchana na usiku. Walileta vifaa vya eksirei, vya mwanga wa aina mbalimbali, na utepe wa kubandika wa kuchukulia nyuzi ndogondogo. Katika taarifa yao ya mwaka 1981 walisema kwamba picha haikufanywa na mchoraji, kwamba hawakupata rangi zinazoweza kueleza umbo lile, na kwamba madoa mekundu ni ya damu. Rangi ya manjano imekaa juu juu tu, kwenye nyuzi za nje kabisa, bila kuzama ndani ya kitambaa kama wino unavyozama. Na chini ya madoa ya damu hakuna picha, ikionyesha kwamba damu ilitangulia. Namna picha ilivyofanyika waliiacha kama swali lisilo na jibu. Hata hivyo Walter McCrone, bingwa wa hadubini aliyezichunguza nyuzi hizohizo, alipinga: yeye aliona chembe za udongo mwekundu wa kuchorea na rangi nyekundu ya zebaki, akasema ni mchoro. Walitofautiana hadi mwisho wa maisha yake.

Sasa tufike kwenye daftari la yule kijana. Tarehe 21 Aprili 1988 kipande kidogo kilikatwa kwenye pembe moja ya sanda, kikagawanywa kwa maabara tatu: Oxford, Zürich na Tucson katika jimbo la Arizona. Kipimo kilikuwa cha kaboni 14. Tukieleze polepole, maana hapa ndipo penye uzito.

Kila kilicho hai hupokea kaboni inayotoka hewani. Sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo ni kaboni 14, ambayo haidumu. Hupungua kwa mwendo unaojulikana. Mmea wa kitani ukiwa shambani, inayopungua inarudishwa. Ukivunwa, hakuna kinachorudishwa tena, na saa inaanza kuhesabu. Baada ya miaka 5,730 hivi inabaki nusu. Kwa hesabu hiyo, kitani kilichovunwa siku za Bwana wetu kingetakiwa mwaka 1988 kuwa na karibu asilimia 79 ya kaboni 14 yake ya mwanzo. Kilichovunwa mwanzoni mwa karne ya 14 kingekuwa na karibu asilimia 92. Maabara zote tatu zilipata kitu cha karibu na 92. Zilipewa pia vitambaa vingine ambavyo umri wake ulijulikana, kikiwemo kitani cha Nubia, kitani cha mumia wa Misri na nyuzi za joho la Mtakatifu Ludoviko wa Anjou, na majibu ya vitambaa hivyo yalitoka sawasawa. Tarehe 13 Oktoba 1988 Kardinali Anastasio Ballestrero, Askofu Mkuu wa Torino, alisimama mbele ya waandishi wa habari akatangaza matokeo yeye mwenyewe: kati ya mwaka 1260 na 1390, kwa uhakika wa asilimia 95.

Tunamheshimu kardinali huyo kwa kitendo kile. Angeweza kuchelewesha, angeweza kupaka sukari. Hakufanya hivyo.

Je, kipimo kilikosea? Wapo wanaosema kwamba uchafu, jasho la mikono na moshi wa mishumaa viliongeza kaboni mpya. Tulipiga hesabu sisi wenyewe kwenye ubao wa darasa: ili kitani cha karne ya kwanza kionekane cha karne ya 14, zaidi ya nusu ya kaboni iliyopimwa ingepaswa kuwa ya kisasa, tena baada ya vipande kusafishwa kwa kemikali. Jasho na moshi havitoshi. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya pembe yenyewe. Mwaka 2005 Raymond Rogers, mwanakemia aliyekuwa katika kundi la 1978, aliandika kwamba nyuzi za pembe ile hazifanani na nyuzi za sehemu nyingine, huenda pametengenezwa baadaye. Lakini Mechthild Flury-Lemberg, bingwa wa nguo za kale aliyesimamia matengenezo ya 2002 na kuiona sanda pande zote mbili, hakuona fundi aliyefuma upya mahali pale. Mwaka 2019 uchambuzi mpya wa takwimu za 1988 ulionyesha kwamba majibu ya maabara tatu hayakulingana vizuri kama ilivyodhaniwa, hivyo ule uhakika wa asilimia 95 ulitangazwa kwa wepesi. Mwaka 2022 kundi la Italia lilipima uzi mmoja kwa eksirei, likasema kuchakaa kwake kunaweza kulingana na miaka elfu mbili, ilimradi nguo ilitunzwa katika joto na unyevu wa kiwango fulani kwa karne nyingi. Sharti hilo ndilo linaloachwa nje kila mara ujumbe huo unapozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya zetu.

Upande wa pili nao una kazi ya kufanya. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Italia walijaribu michirizi ya damu kwa kutumia mtu aliyejitolea, wakasema michirizi ya mikono na ya ubavu hailingani na mkao mmoja wa mwili. Vizuri. Lakini wanaosema ni kazi ya mikono ya karne ya 14 bado hawajatuonyesha kwa kuridhisha ni fundi gani aliyejua kutengeneza kitu chenye sifa zote zile kwa pamoja: juu juu ya nyuzi, kama negativu, na damu ikiwa imetangulia.

Maoni yetu, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuyajua, ni haya: kipimo cha 1988 kina uzito mkubwa, na hakiwezi kuondolewa kwa neno "huenda". Dawa yake ni kipimo kingine, kwa vipande vya sehemu kadhaa. Hadi hapo, anayesema "sayansi imethibitisha" kwa upande wowote anasema zaidi ya anachokijua.

Ngazi yenye vidaraja vingi

Mwalimu wetu wa mantiki hupenda kutuuliza, "Umefikaje hapo?" Basi tujiulize. Tuseme kesho kipimo kipya kinaonyesha karne ya kwanza. Tumethibitisha nini? Kwamba kitani ni cha karne ya kwanza. Ili kufika kwa Yesu inabidi kupanda tena: kwamba mtu huyu alisulubiwa kweli, kwamba si mmoja wa wale wengi waliosulubiwa na Waroma, bali ni Yule mmoja. Alama za miiba kichwani zinasaidia hapo, tunakubali. Lakini kutoka kwa Yesu aliyekufa hadi Yesu aliyefufuka, hakuna darubini inayovusha. Nguo inaweza kushuhudia kwamba mtu alikufa. Na wanaosema kwamba picha ilifanywa na mwanga wa Ufufuko wanaruka vidaraja vyote kwa mkupuo mmoja: kutokujua picha ilivyofanyika si sawa na kujua kwamba Mungu aliifanya kwa njia hiyo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alituonya kuhusu hili karne nyingi kabla ya kaboni 14. Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 46, anapozungumzia mwanzo wa ulimwengu, anasema tusijaribu kuthibitisha mambo ya imani kwa hoja dhaifu, tusije tukawapa wasioamini sababu ya kucheka, wakadhani kwamba tunaamini kwa ajili ya hoja hizo. Tulikuwa tumeisoma sehemu hiyo muhula uliopita, tukaifanyia na mtihani. Kisha tukaenda kigangoni tukafanya kilekile alichokikataza. Tofauti ni kwamba kijana wetu hakucheka. Alihuzunika, na huzuni yake ilituuma kuliko kicheko.

Tazameni pia Injili ya Yohane, sura ya 20. Petro na yule mwanafunzi mwingine wanakimbia kaburini, wanaona vitambaa vimelala pale, na ile leso ya kichwani imekunjwa mahali pake peke yake. Yule mwanafunzi anaona na kuamini. Petro, kadiri ya Luka, anaona vitambaa hivyohivyo na kurudi akistaajabia. Nguo zilezile, asubuhi ileile, hakuna swali lolote la umri wake, na bado hazikuwalazimisha wawili hawa kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mtume Paulo naye, anapowaorodheshea Wakorintho mashahidi wa Ufufuko, anamtaja Kefa, Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano, Yakobo, na mwisho yeye mwenyewe. Anataja watu waliomwona Bwana. Hataji sanda yoyote.

Kanisa linatufundisha nini hapa?

Halimlazimishi mtu yeyote kuamini kwamba Sanda ya Torino ndiyo ya Bwana. Haimo katika Kanuni ya Imani wala katika amana ya imani. Mtakatifu Yohane Paulo II alipoitembelea tarehe 24 Mei 1998 alieleza kwamba Kanisa halina mamlaka maalumu ya kuamua maswali ya aina hii, linawaachia wanasayansi waendelee kuchunguza, tena bila kuanza na jibu mfukoni. Papohapo aliiita kioo cha Injili. Chini ya miezi minne baadaye alitoa ensiklika yake ya Fides et Ratio juu ya imani na akili. Benedikto XVI, tarehe 2 Mei 2010, aliitafakari kama ikoni ya Jumamosi Kuu, siku ile Mungu alipolala kimya kaburini. Fransisko alikwenda mwaka 2015, akakaa kimya mbele yake.

Angalieni neno ikoni. Mapapa wameheshimu nguo hii bila kuomba cheti cha maabara. Mtakatifu Tomaso, katika sehemu ya tatu, swali la 25, anaeleza kwa nini tunaheshimu masalia, akitumia mfano wa Mtakatifu Augustino wa vazi au pete ya baba ambayo watoto huitunza kwa upendo. Tuusogeze mfano huo nyumbani kwetu. Mtoto ametunza shati la marehemu baba yake miaka ishirini. Siku moja shangazi anamwambia: shati hili lilikuwa la baba yako mdogo. Mtoto atasononeka, labda ataliweka mahali pengine. Lakini hatasema, "Basi sikuwa na baba."

Mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa, Gabriel Marcel, anatofautisha tatizo na fumbo. Tatizo liko mbele yangu; naweza kulizunguka, kulipima, kulikatia kipande na kukipeleka Zürich. Fumbo ni lile ambalo mimi mwenyewe nimo ndani yake. Siwezi kusimama nje nikalitazama. Umri wa kitani ni tatizo, na tunawaombea wanaolishughulikia wapewe ruhusa na vifaa. Kifo cha Bwana ni fumbo, na kifo changu kimo ndani yake. Kosa letu pale kigangoni lilikuwa kuchukua tatizo ambalo halijatatuliwa na kuliita fumbo, kisha kuliita uthibitisho.

Ijumaa ya mwisho

Tulirudi Ijumaa ya mwisho kabla ya Juma Kuu. Tulimwomba katekista dakika kumi baada ya Njia ya Msalaba, tukasimama mbele ya watu walewale, tukasema kwamba tuliwaambia jambo lisilo la kweli. Tukaeleza habari za 1978 na za 1988. Kijana wetu tulimpa chaki; alichora mstari wa kaboni 14 ukishuka, akaweka alama kwenye 92 na kwenye 79, akaeleza vizuri kuliko sisi. Baba mmoja aliuliza kwa nini basi wasikate kipande kingine leo hii. Tulimjibu kwamba mwenye sanda ni Baba Mtakatifu na ruhusa ni yake, na kwamba kila kipande kinachokatwa hakirudi. Alisema hata yeye angekuwa mgumu kukatia.

Watu walipotawanyika, yule bibi alitusogelea. Tulikuwa tukimwogopa yeye kuliko wote.

"Wanangu, sasa ile picha niibandue?"

Tulimwambia hapana, abaki nayo, ila asimwambie mtu kwamba imethibitishwa.

Akasema hajawahi kumwambia mtu hivyo. Mumewe alipofariki, yeye ndiye aliyekwenda dukani kuchagua sanda, na muuza duka alimpunguzia bei bila kuombwa. Tangu siku hiyo, kila akisikia Yosefu wa Arimataya anatajwa kanisani, humwona akiwa amesimama pale dukani na kitambaa mkononi. Picha ile humkumbusha hilo.

Kisha akatuuliza kama tumekula.